Tulivyoipigia Kura Bahari ya Wenyewe

Wadogo zangu wa idara ya Historia na Jiografia,

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, blanketi na hotuba tatu ndefu, kisha mmoja wenu akanivuta pembeni akaniomba nimwachie notisi zangu za Afrika Magharibi, zile za manjano. Nilimwambia nitazitafuta. Sikuzitafuta, maana nilijua zilipo. Zilikuwa jikoni kwangu, na asubuhi iliyofuata zilichemsha birika moja la chai, tena kwa shida, kwa sababu karatasi iliyoshikwa kwa mikono yenye jasho miaka mingi haiwaki vizuri. Badala yake nawaandikia haya. Ya vyeo na mshahara sitayagusa. Cheo kilichelewa, na mshahara mnaujua, ni huo huo wenu.

Nilifundisha pwani ya Ghana kwa miaka thelathini na mmoja. Bahari yenyewe sijaiona mpaka leo, si hiyo ya magharibi tu, hata hii yetu ya Mombasa. Maji makubwa niliyowahi kuvuka kwa hofu ni ya mto Isiukhu, siku moja mvua ilipoupandisha hadi kwenye daraja. Lakini ungeniamsha usingizini ningekutajia miji ya pwani ile, kutoka Axim mpaka Accra, bila kupumua katikati. Kazi yetu ndivyo ilivyo. Daktari akitibu ugonjwa asioujua anashtakiwa. Mwalimu akifundisha bahari asiyoijua anaongezewa vipindi.

Nilifika katika shule yetu ya wasichana, hapa Kakamega upande wa Lurambi, nikiwa na sanduku la bati na cheti ambacho wino wake ulikuwa haujakauka. Aliyenipokea ni Mzee Shivachi, mkuu wa idara, mtu mfupi aliyevaa tai hata siku za kupalilia shamba la shule. Hakuniuliza nilisoma nini chuoni. Aliniuliza kama mwandiko wangu unasomeka. Nilipoandika sentensi moja ubaoni aliitikia kwa kichwa, akasema, "Utafaa. Mengine nitakupa mimi."

Mengine hayo yalikuwa notisi. Mzee Shivachi alikuwa mvulana wakati Ghana inapata uhuru, akaipenda nchi ile kupitia redio ya mjomba wake, jinsi vijana wa siku hizi wanavyopenda timu za mpira za Uingereza. Silabasi ilitaka nusu ukurasa kuhusu watu wa pwani hiyo. Yeye alitoa kurasa kumi na moja. Upepo mkavu unaoshuka na vumbi la Sahara mwishoni mwa mwaka ulikuwemo, na maji baridi yanayopanda kutoka chini ya bahari kuanzia mwezi wa saba yakileta samaki wadogo kwa maelfu, na mitumbwi iliyochongwa kutoka gogo moja, yenye misemo iliyopakwa rangi ubavuni. Ngome nyeupe waliyoijenga Wareno pale Elmina ilikuwemo pia. Wasichana waliandika, yeye akitembea kati ya madawati akisoma polepole, na koma alizitamka: "Wafante, koma, ambao ni wavuvi hodari, koma." Tulifundisha kwa Kiingereza kama serikali inavyotaka. Hapa naweka kwa Kiswahili ili nisiwachoshe, na nisijichoshe.

Chombo chetu kikuu kilikuwa Afrika ya mbao. Fundi mmoja wa Lurambi aliikata kwenye ubao mwembamba. Unaishikilia ubaoni, unazungusha chaki pembeni, na bara limekwisha. Siku moja ilianguka kutoka kabatini ikamegeka palepale kwenye pwani ya Ghana. Kuanzia hapo wasichana wetu walichora ghuba ambayo Mungu hakuiumba, na kwa kuwa wote waliichora, hakuna aliyepoteza alama. Hilo lilipaswa kunifungua macho mapema. Halikunifungua, nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Kuna somo moja katika zile kurasa ambalo darasa lilikuwa likilisubiri. Lilikuwa la urithi. Mfante hurithi kupitia upande wa mama. Mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake. Wasichana walikuwa wakichangamka sana siku hiyo, na walimu wanaume wakihuzunika. Naibu wa mkuu wa shule yetu, Bwana Ambani, ambaye wote tulimwita Depyuti, aliwahi kuja kunisikiliza akiwa nyuma ya dirisha, na baadaye akaniambia ofisini, "Madam, hiyo topiki ifupishe. Hawa watoto wataenda nyumbani kusumbua wazazi." Na chakula nacho. Nilipowaeleza kwamba watu wa Elmina huchachusha unga wa mahindi, wakaufunga kwa majani ya mgomba na kuuchemsha, msichana mmoja wa nyuma, akiufikiria ugali wetu, aliuliza, "Madam, si hiyo ni obusuma imeharibika?" Nikamwambia aandike kama nilivyosema.

Mzee Shivachi alipostaafu na kwenda nyumbani kwake Buyangu, karibu na msitu, alinikabidhi kurasa zake kumi na moja mbele ya idara nzima, kwa mikono miwili, kama anakabidhi mtoto wa ubatizo. Nikazinakili kwa mkono wangu neno kwa neno. Sikuongeza wala kupunguza. Siku zile niliiita hiyo heshima.

Sasa nije kwenye kesi ngumu. Kila mwalimu anayo moja. Yangu iliitwa Esi.

Aliletwa kidato cha tatu, muhula wa kwanza. Baba yake ni mtu wa huku kwetu, wa Ekero, fundi wa mitambo aliyekwenda Ghana kwa kandarasi akarudi baada ya miaka mingi na mke wa Kifante na binti mmoja. Esi maana yake ni msichana aliyezaliwa Jumapili. Alizaliwa Elmina na kulelewa na nyanya yake, mama wa mama yake, mwanamke aliyekausha samaki kwa moshi hatua chache kutoka ile ngome. Kiswahili chake kilikuwa kipya na cha uangalifu, kila neno alilipima kabla ya kulitoa. Alikuwa na ahadi moja kutoka kwa wazazi wake, na alimwambia kila mtu aliyemuuliza: akimaliza kidato cha nne tu, atapandishwa ndege arudi kwa nyanya. Nyanya alikuwa mzee na macho yake yalikuwa yanafifia. Esi alihesabu mihula kwa vidole.

Tulifika kwenye kurasa za pwani mwezi wa pili. Nilifurahi, nakiri. Nilidhani huyu mtoto ataniambia, "Madam, umepatia." Nikasoma kwa sauti yangu ya notisi: "Wavuvi wa pwani hiyo hawaendi baharini siku ya Jumanne, koma, kwa sababu Jumanne ni siku ya soko."

Mkono ukapanda.

"Samahani, Madam. Si kwa sababu ya soko. Soko liko kila siku."

"Basi ni kwa sababu gani?"

"Jumanne ni siku ya bahari yenyewe. Kwetu kila mtu ana siku yake aliyozaliwa, na bahari pia ina yake. Siku hiyo haisumbuliwi. Wanaume wanashona nyavu, wanaamua kesi zao. Mtu akiingia majini Jumanne, anaitwa mbele ya mkuu wa wavuvi."

Darasa likapasuka. "Heee! Bahari iko na bathdei!" Mwingine akauliza kama inakatiwa keki. Nilipaswa kuwanyamazisha wao. Nilimnyamazisha yeye. "Kaa chini, mukhana," nikamwambia, kama tunavyomwita msichana kwetu. "Mtihani hauulizi kwenu. Unauliza kwenye notisi."

Akakaa. Hakununa. Aliandika nilichosema, halafu pembeni ya ukurasa, kwa penseli, akaandika kitu kingine kwa lugha yao. Nilikiona nilipopita, nikajifanya sikukiona.

Kipindi kilichofuata nilipofika kwenye ngome ya Elmina, nilimpa nafasi aseme, kidogo kama fidia. Katika notisi zetu biashara ya watumwa ilikuwa nukta ya nne, alama mbili. Esi alisimama akasema kwamba ngome ile ni nyeupe sana kwa nje, na kwamba alikuwa akipita chini ya ukuta wake kila asubuhi akitumwa mkate, na kwamba ndani kuna mlango mwembamba unaotazama majini, mtu mzima anapita kwa ubavu. "Nyanya aliniambia nikipita hapo nisiimbe," alisema. Akakaa. Hakuna aliyecheka. Mimi nikasema, "Vizuri. Nukta ya tano."

Mwishoni mwa mwaka ukaja mtihani wa majaribio wa kanda, moki, shule sita pamoja. Kwa shule yetu ulikuwa zaidi ya mtihani. Serikali imekataza kumlazimisha mtoto kurudia darasa, kwa hiyo sisi hatukumlazimisha mtu, tuliwaita wazazi wa waliokuwa chini ya mstari wa kufaulu na "kuwashauri wampe mtoto muda." Mzazi asiyetaka ushauri alishauriwa atafute shule nyingine. Mmezikuta desturi hizi, mnazijua.

Swali la Afrika Magharibi nilitunga mimi, na mwongozo wa kusahihisha, skimu, niliandika mimi. Alama kumi na tano: eleza kwa nini wavuvi wa pwani ya Ghana hawavui Jumanne, na uonyeshe jinsi desturi hiyo inavyoathiri maisha yao. Nilikuwa nimesahau kabisa mkono wa mwezi wa pili. Au sikuwa nimesahau. Siku hizi, nikiosha vyombo, najiuliza.

Esi aliandika kurasa mbili na nusu. Alieleza siku ya bahari. Alieleza ziwa la maji ya chumvi lililo pembeni mwa mji, ambalo hufungwa kila mwaka lisivuliwe mpaka Jumanne moja ya mwezi wa saba, ambapo kuhani hutupa wavu mara tatu mbele ya machifu waliobebwa mabegani kwenye viti vyao, na watu wote hutazama kilichotoka ili wajue mwaka utakuwaje. Alieleza jinsi samaki wanavyopata siku ya kupumzika na wanawake wanavyopata siku ya kuwakamata waume zao nyumbani. Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza kama msahihishaji, mara ya pili kama mtu. Kisha nikatazama skimu. Siku ya soko, alama tatu. Uuzaji wa samaki sokoni, alama tatu. Kukutana na jamaa sokoni, alama tatu. Nilimpa tatu, za kushona nyavu, nilizomtolea mfukoni mwangu. Akawa chini ya mstari kwa alama nne.

Sikulala vizuri wiki hiyo, na mnanijua, mimi hulala. Jumamosi nikapanda pikipiki hadi Buyangu kumwuliza Mzee Shivachi alikotoa hiyo siku ya soko.

Nilimkuta sebuleni amevaa tai, akisikiliza redio. Nje mkewe alikuwa akifukuza nyani kwenye mahindi kwa kupiga sufuria. "Mulembe, Madam," akasema. "Karibu. Umekuja kuniambia umeharibu notisi zangu?"

"Mulembe, Mzee. Nimekuja kuuliza kuhusu Jumanne."

Nikamweleza yote. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, nami nikajiandaa kwa hasira, maana alikuwa nayo. Alipoinua uso alikuwa anacheka.

"Mchwa," akasema.

"Mchwa?"

"Nilikuwa na kitabu kimoja tu. Mchwa walikula kona ya ukurasa. Ilibaki 'hawaendi baharini Jumanne, kwa sababu Jumanne ni siku ya,' basi. Na mimi nilikuwa na darasa saa mbili asubuhi. Wewe ungefanyanga nini? Nikajiuliza, hapa kwetu watu wanaachanga shamba siku gani? Siku ya soko. Nikajaza."

"Na hukuwahi kutafuta kitabu kingine?"

"Nilitafuta mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wasichana walikuwa wamepita vizuri. Utabadirisha kitu inapita?"

 Kule nje sufuria ilikuwa bado inalia. Nilimwambia huyu mtoto atarudia mwaka, na nyanya yake ni mzee. Aliacha kucheka. Alivuta karatasi, akaandika kwa mwandiko wake ule ule mzuri: kwamba maneno "siku ya soko" aliyajaza mwenyewe baada ya ukurasa kuliwa na mchwa, na kwamba mwanafunzi anayesema vingine asikilizwe. Akatia sahihi, akaikunja.

"Huyo mtoto ana haki," akasema. "Mimi nimezeeka, wanicheke tu. Lakini hizo alama si zangu tena, Madam. Ni zako."

Niliitia karatasi ile ndani ya mkoba wangu. Niliporudi barabarani nilikuwa mwepesi, nilikuwa naimba, na mwenye pikipiki akaniuliza kama nimetoka harusini.

Jumatatu jopo la wasahihishaji likakutana katika ofisi yetu ya walimu. Tulikuwa wanane. Depyuti Ambani alikuwa mwenyekiti. Kati yetu, saba tulifundishwa kazi na Mzee Shivachi au na mtu aliyefundishwa na Mzee Shivachi, wote kwa notisi zile zile. Wa nane alikuwa mwalimu wa Dini, aliyeletwa kwa sababu alikuwa na gari. Nikaeleza kwamba kuna mwanafunzi aliyejibu tofauti, na kwamba mwanafunzi huyo alizaliwa huko.

"Kuzaliwa mahali si kujua," Depyuti akasema. "Mimi nimezaliwa Lurambi. Nani anajua kwa nini inaitwa Lurambi?"



"Hata mimi nilifundishwa ni soko," akasema mwenzetu mmoja kutoka shule jirani. "Na mimi nimefundisha soko. Watoto wangu mia moja wameandika soko."

"Shule zote sita zimeandika soko," akasema mwingine, akiinua karatasi. "Sasa watoto wote wa Kakamega wanakosea, mmoja ndiye ako sawa?"

Mnaona ushahidi ulivyokuwa mzito. Wasichana mia kadhaa, katika shule sita, bila kuonana, walikubaliana kwamba Jumanne ni siku ya soko. Hakuna aliyesema kwamba wote walinyweshwa kwenye kisima kimoja. Mimi ndiye niliyekijua kisima, na mchwa wake niliwajua.

"Tuseme tukubari," Depyuti akasema, akilegeza tai. "Kweri tukubari. Tutarudi nyuma mpaka mwaka gani? Mwaka jana tulimpa nani zawadi? Na wa mwaka juzi? Kuna msichana wetu sasa ni hakimu, aliandika soko. Tumwite?" Akatugeukia. "Mimi naona tupige kura. Demokrasia ni nzuri. Wanaosema wavuvi wa Ghana hawavui Jumanne kwa sababu ya soko, wainue mikono."

Nimeona mambo mengi kazini. Nimeona mkaguzi akilala kwenye somo la volkeno. Lakini sijawahi kuona kitu kama hicho: watu wazima wanane, wenye shahada, mjini Kakamega, maji ya bahari hawajayaonja hata mmoja, wakiamua kwa kura bahari ya wenyewe inapumzika lini na kwa nini. Mikono ikaanza kupanda. Mmoja, wawili, watano. Mwalimu wa Dini alisema yeye hatapiga, yeye amekuja na gari tu.

Mkoba ulikuwa magotini mwangu. Nilikuwa nimeshika zipu. Mnataka kujua kilichonizuia? Si Depyuti. Niliwaona wasichana wangu wote wa miaka ile, darasa baada ya darasa, wananiuliza, "Madam, na yale mengine?" Niliogopa kuchekwa, basi. Mzee wa miaka sabini aliye na tai sebuleni aliweza kusema nichekeni, na mimi sikuweza. Niliachilia zipu, nikainua mkono.

Soko likashinda kwa kura saba bila kupingwa. Depyuti akaandika kwenye kumbukumbu za kikao. Zipo mpaka leo katika faili la idara, kabati la chini. Kama mnadhani natia chumvi, kafungueni.

Esi akarudia kidato cha tatu. Baba yake alikuja, akashauriwa, akashaurika. Mtoto hakulia mbele yangu. Aliuliza tu swali moja, nilipomkuta akihamisha dawati lake: "Madam, nilikosea wapi, ili nisikosee tena?" Nikamwambia ajibu kwa kufuata notisi. Akasema, "Sawa, Madam." Mwaka ule nilisoma tena zile kurasa kumi na moja, koma na yote, na yeye ameketi mstari wa pili. Nilipofika Jumanne niliharakisha. Hakuinua mkono. Alitazama dirishani mpaka nikamaliza.

Moki ya mwaka huo swali lilirudi. Silitungi upya swali linalopita. Esi alipata kumi na tano juu ya kumi na tano, wa kwanza katika kanda nzima. Aliandika soko. Lakini hakuliandika kimaskini. Alilijenga soko lile kwa kurasa tatu: vibanda, vumbi, wanawake wakigombania kivuli, wavuvi wakinunua sabuni na vitunguu, ng'ombe wawili wakipigana na watu wakishangilia. Lilikuwa soko la kwetu kabisa, ungesikia harufu yake. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika chini, "Vizuri sana!" Miaka thelathini na mmoja, na hayo ndiyo maneno mawili ninayotamani kuyafuta.

Siku ya wazazi ilikuwa mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata. Majibu bora tuliyabandika ukutani katika ukumbi, la Esi likiwa katikati lenye utepe. Mimi ndiye niliyepangwa kutoa zawadi za idara. Nilikuwa mlangoni nikipokea wageni niliposikia kimya, nikageuka. Mama yake Esi alikuwa anaingia, mwanamke mrefu, amejifunga kitambaa cha rangi nyekundu na nyeusi kutoka kifuani hadi miguuni, na kingine begani. Wazazi walikuwa wakimsifu kwa jinsi alivyopendeza. Mimi nilisogea kumlaki, nikikumbuka notisi. Ukurasa wa tisa: pwani ile huomboleza kwa nyekundu na nyeusi. Hilo mchwa hawakuligusa.

"Pole, mama," nikamwambia. "Ni nani?"

"Mama yangu," akasema kwa Kiswahili chake cha Ekero. "Wiki mbili sasa. Walimzika Jumamosi." Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Asante kwa Esi, Madam. Baba yake anasema amekuwa namba moja."

Nikapiga hesabu, hata mkinizuia. Kama angevuka mstari ule wa kwanza, Esi angemaliza Novemba iliyopita, na Desemba angekuwa Elmina. Nyanya angempapasa uso.

Yule mama alikwenda moja kwa moja hadi ukutani. Alisoma polepole, kurasa zote tatu, kidole kikifuata mistari. Esi alikuja akasimama kando yake katika sare yake. Mama alipomaliza hakunitazama mimi. Alimwuliza binti yake jambo fupi kwa lugha yao, kwa sauti ya chini, naye Esi akamjibu kwa maneno machache zaidi. Mama akatikisa kichwa, akavuta kitambaa begani.

Nilishindwa kujizuia. "Mama anasemaje, Esi?"

Alinitazama kwa adabu yake yote.

"Ameuliza kama nimesahau kwetu, Madam. Nimemwambia sijasahau. Nimefaulu tu."

Kisha jina lake likaitwa kwenye kipaza sauti. Nikapanda jukwaani nikampa zawadi yake, na watu wakapiga makofi, nami nikapiga pamoja nao.